Kimya cha Muuzaji

Kuna msemo unaopendwa sana na watu wanaouza vitu vilivyokwisha tumika. Husema, "Ukishanunua, umenunua." Maana yake ni kwamba fedha zikishatoka mkono huu zikaingia mkono ule, kila neno limekwisha, likitokea lolote baadaye, mnunuzi na alaumu macho yake mwenyewe. Msemo huu ni mfupi, nao hutamkwa kwa sauti ya mtu atoaye hukumu. Watu wengi huuheshimu kwa ajili ya ufupi wake, kana kwamba neno likiwa fupi haliwezi kuwa la uongo. Nia yangu katika insha hii ni kuupinga. Nataka kuonyesha ya kuwa ukitamkwa na mtu aliyejua ila ya kitu chake akaificha, msemo huu si haki wala si desturi njema. Ni pazia tu la kufunikia udanganyifu.

Nitachukua mfano wa vipuri vya magari, kwa kuwa ndio mfano ulio karibu nasi. Siongiroi imo katika Chepalungu, kaunti ya Bomet. Ni nchi ya ng'ombe wa maziwa na mahindi. Na ukipanda kuelekea Konoin na Kericho waingia katika nchi ya chai. Wafugaji wa Siongiroi walipata sifa mbali kwa kuungana na kuwa na mtambo wao wa kupozea maziwa. Sasa maziwa na majani ya chai yana tabia moja: hayangoji. Maziwa yaliyokamwa alfajiri huanza kuharibika jua lipandapo. Jani la chai lililochumwa asubuhi sharti lifike kiwandani siku ile ile, la sivyo hupata joto ndani ya gunia na kupoteza thamani. Kwa hiyo katika nchi hii gari ni mguu wa mkulima, wala si pambo. Mguu ukivunjika, jasho la nyumba nyingi humwagika njiani.

Tena magari yetu mengi ni makuukuu. Yaliingia nchini yakiwa yamekwisha tumika ng'ambo, hasa Japani, kwa maana kanuni za Kenya huruhusu kuingiza gari lililotumika maadamu umri wake haujazidi miaka 8. Likishafika, hutumika hapa miaka kumi au ishirini zaidi, katika vumbi la kiangazi na tope la masika. Gari la namna hii halikosi kudai kipuri, na kipuri kipya kilichotoka kwa mtengenezaji aghalabu ni ghali kuliko mfuko wa mwenye gari. Basi hununua kilichotumika. Wala hapana aibu katika jambo hilo. Kutumia kitu mpaka nguvu zake ziishe ni uchumi wa busara, na kipuri kikuukuu kilicho kizima chaweza kufanya kazi kwa miaka.

Vipuri hivyo hupatikana katika masoko ya namna mbili. Kuna soko la maduka, kama yale yaliyosifika ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako muuzaji ana mlango, ana jina, na kesho utamkuta pale pale. Na kuna soko jingine lisilo na mlango. Mtu gari lake limegonga, au limemshinda, likakaa chini ya mti mpaka nyasi zikaota kati ya magurudumu. Huyo hulivunja na kuuza kimoja kimoja: leo giaboksi, kesho rejeta, kesho kutwa magurudumu. Huuza uani kwake, pasipo risiti, kwa jirani au kwa mtu aliyeletwa na jirani. Ni katika soko hili la pili ambamo msemo ninaoupinga umejenga nyumba yake.

Tuseme mtu ana pikapu ya kuchukulia maziwa, na kichwa cha injini kimepasuka. Anaambiwa kwamba katika kijiji cha pili yuko bwana mwenye gari la aina ile ile lililosimama. Anakwenda, anakuta kichwa kimekwisha kufunguliwa, kimeoshwa kwa petroli, kimepakwa rangi ya fedha, kinang'aa kama sufuria ya harusi. Anauliza, "Ni kizima hiki, mzee?" Muuzaji hajibu ndiyo wala la. Anasema, "Si hicho hapo? Kiangalie mwenyewe." Mnunuzi anakigeuza huku na huku, haoni neno, anatoa shilingi 25,000, anakwenda zake.

Fundi anakifunga kwa kazi ya siku nzima, kwa gasketi mpya na oili mpya. Siku ya tatu, pikapu ikipanda mlima na mitungi ya maziwa, maji yanachemka. Wakifungua kifuniko cha oili, wanaiona imegeuka nyeupe kama chai ya maziwa: maji na oili vimekutana mahali visipopaswa kukutana. Kichwa kinafunguliwa tena, kinasuguliwa, na chini ya ile rangi ya fedha unaonekana ufa wa zamani uliozibwa kwa gundi. Mnunuzi anarudi kwa muuzaji na kichwa begani. Muuzaji anamtazama na kusema, "Ulikiangalia mwenyewe. Ukishanunua, umenunua."

Hapo ndipo kijiji hugawanyika. Wengine husema mnunuzi ni mjinga, kwa nini hakwenda na fundi? Wengine husema muuzaji ni mwizi. Watu wa nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana majembe huacha kusalimiana. Tukihesabu hasara, si zile shilingi 25,000 peke yake. Kuna ujira wa fundi mara mbili, gasketi, oili, maziwa yaliyoharibika, na imani ya wafugaji waliongoja gari lisilokuja. Muuzaji amepata faida moja. Hasara zimekaa katika nyumba nyingi.

Sasa na tuupime ule msemo katika mizani ya akili.

Kwanza husemwa kwamba mnunuzi ana macho. Ni kweli anayo. Lakini ila za vyombo ni za namna mbili. Kuna ila ya wazi, kama taa iliyovunjika au mkono wa mlango uliopinda. Mtu akinunua taa iliyovunjika mchana kweupe, kisha akarudi kulalamika kuwa imevunjika, huyo hana haki ya kusikilizwa. Na kuna ila iliyofichika, ambayo jicho haliwezi kuifikia. Ufa wa kichwa cha injini waweza kuwa mwembamba kuliko unywele, ukafumbuka chuma kinapopata moto tu. Giaboksi iliyolala chini haisemi neno. Meno yake yaliyolika hujulikana pale gia inaporuka yenyewe gari likiteremka na mzigo. Silinda kuu ya breki huonekana nzima kwa nje, na huku mipira yake ya ndani imelika na kupitisha mafuta. Kipuri kilicho chini ya mti hakibebi mzigo, hakina moto, hakina mwendo. Na ila zake nyingi ni za mzigo, moto na mwendo. Kumwambia mtu "tazama" mbele ya kitu ambacho hakionekani kwa kutazama ni kumdhihaki.

Kisha kuna mikono inayoongeza giza. Ufa huzibwa na kupakwa rangi. Oili nzito humiminwa katika injini iliyochoka ili isigonge sana siku ya kuonyeshwa. Unga wa mbao ni hila ya zamani sana ya kunyamazisha giaboksi yenye kelele. Mtu aliyefanya hayo hawezi kusema kwamba alinyamaza tu. Mikono yake ilisema, nayo ilisema uongo. Lakini mimi naenda mbele zaidi ya hapo. Nasema hata yule asiyepaka rangi wala kutia unga wa mbao, maadamu anaijua ila, naye anaona mnunuzi hawezi kuijua, na anajua kwamba angeijua asingenunua, huyo akinyamaza amedanganya. Uongo si sauti. Uongo ni kumfanya mwenzako aamini jambo lisilo kweli ili upate faida. Kama kimya kimefanya kazi ile ile ya neno, basi kimya kimekuwa neno.

Msemo wetu haukuzaliwa Siongiroi. Umesafiri sana, na katika safari zake umewahi kukaa hata katika viti vya mahakimu. Mwaka 1603 huko Uingereza iliamuliwa kesi ijulikanayo kwa majina ya wagombani wake, Chandelor na Lopus. Mfua dhahabu mmoja aliuza jiwe kwa pauni 100, akisema ni bezoari, jiwe lipatikanalo tumboni mwa mbuzi, ambalo watu wa zama zile waliamini kuwa ni dawa ya sumu. Jiwe halikuwa bezoari. Mnunuzi akashtaki, akashindwa. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba muuzaji alitaja jiwe kuwa bezoari, lakini hakuweka dhamana juu ya neno lake. Na kutaja tu hakumfungi mtu. Waswahili hukataza kununua mbuzi kwenye gunia. Bwana yule alinunua tumbo la mbuzi lisilo na mbuzi, na mahakama ikamwambia aende nyumbani.

Lakini si dunia yote iliyokubali ujinga ule kuwa sheria. Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kesi hiyo, mahakimu wa masoko ya Roma walikuwa wamekwisha kuwalazimisha wauzaji wa wanyama watangaze maradhi na ila za walichokiuza. Na aliyeficha aliweza kurudishiwa mnyama wake na kutoa fedha. Sheria hiyo iliwahusu pia watumwa, jambo linalotukumbusha kwamba watu waweza kuwa waangalifu katika bei na wakawa vipofu katika utu. Lakini kanuni yenyewe ya kutangaza ila ilikuwa njema. Na katika pwani yetu, tangu zamani, sheria ya Kiislamu ya biashara imempa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu akigundua ila ya zamani ambayo hakuijua wakati wa kununua. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba msemo huu ni desturi ya wanadamu wote. Ni desturi ya baadhi ya watu, katika baadhi ya zama, nayo imepingwa na wengi wenye hekima.

Na sheria ya Kenya yasemaje? Vijana waijue, maana wengi huitaja bila kuisoma. Tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyotungwa kwa kufuata ile ya Waingereza ya mwaka 1893. Kifungu chake cha 16 huanza kwa upande wa muuzaji: kwa kawaida hakuna sharti la ubora linalodhaniwa kuwamo katika mauzo. Kisha chaleta hali za kutengwa. Kama muuzaji ni mtu wa biashara ile, na mnunuzi amemweleza kazi anayokitakia kitu hicho, akategemea ujuzi wake, basi kitu sharti kifae kazi hiyo. Na kama muuzaji ni mfanyabiashara wa bidhaa za namna ile, zikauzwa kwa maelezo, sharti ziwe na ubora wa kuuzika. Ila mnunuzi akizikagua, hawezi kulalamikia ila ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua.

Mtaona kwamba masharti haya yamwandama mwenye biashara. Bwana wa gari chini ya mti, auzaye mara moja maishani mwake, aghalabu huyaponyoka. Hapo ndipo watetezi wa msemo hushangilia. Lakini wanashangilia mapema. Hata muuzaji asiye na duka hubanwa na kifungu cha 14, kinachotaka awe na haki ya kuuza kitu hicho, na kifungu cha 15, kinachotaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo. Akisema ni giaboksi ya gari fulani, sharti iwe ya gari hilo. Tena kifungu cha 312 cha Sheria ya Adhabu chaeleza kwamba udanganyifu wa kujipatia mali waweza kufanywa kwa maneno, kwa maandishi au kwa mwenendo. Yaangalieni sana maneno hayo matatu. Rangi ya fedha juu ya ufa ni mwenendo. Na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kufaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi alichonunua. Habari! Katiba yenyewe imeona kwamba kumnyima mtu habari ni kumnyima haki.

Ijapokuwa hivyo, sitaki vijana waseme kwamba lisilokatazwa na sheria limehalalishwa na dhamiri. Sheria ni ua wa chini kabisa; ng'ombe mwovu hawezi kuuruka, lakini mtu mwema hajengi nyumba yake juu ya ua. Lau muuzaji angeponyoka mahakamani kwa sababu hana duka, asingeponyoka mbele ya swali hili rahisi: ungekubali mwenzako akufanyie wewe vile?

Nazijua hoja za upande wa pili, na si haki kuzipita kimya katika insha inayolaumu kimya.

Husemwa, "Bei ilikuwa rahisi." Naam, bei ya kikuukuu ni rahisi, na urahisi huo ni malipo ya uchakavu. Mnunuzi amekubali kwamba kipuri kimepunguza maisha yake. Hakukubali kwamba kimekwisha kufa. Anayenunua ng'ombe mzee kwa bei ya ng'ombe mzee hajakubali kuuziwa mzoga.

Husemwa, "Sikujua." Hii ni hoja nzito, nami naikubali inapokuwa ya kweli. Si kila mwenye gari ni fundi. Gari laweza kusimama naye asijue kilichomo. Mtu huyo hana hatia ya udanganyifu. Lakini hata yeye anadaiwa neno moja: "Sijui." Aseme, "Gari lilisimama likichemka maji, sijui kilichoharibika." Neno "sijui" ni jibu la heshima kabisa. Laini ni wale wanaosema "sijui" baada ya ugomvi, ambao kabla ya fedha walisema "kizima."

Husemwa, "Huenda mnunuzi amekiharibu mwenyewe." Hili nalo hutokea. Fundi asiyejua, akikaza boliti za kichwa cha injini bila mpangilio, hukipinda kilichokuwa kimenyooka. Dereva akiendesha bila maji, huunguza injini ya mtu yeyote. Tena wako wanunuzi wenye hila mbaya kuliko za wauzaji: huchukua kipuri kizima, kisha hurudisha kile chao kibovu na kulia machozi. Uongo hauna upande. Waweza kuvaa kanzu ya muuzaji, na kesho ukavaa ya mnunuzi. Lakini ubaya wa mnunuzi mwongo haumhalalishi muuzaji mwongo. Unatufundisha tu kwamba mauzo yanahitaji ushahidi, na ushahidi nitautaja baadaye.

Hoja ya mwisho ndiyo wanayoiamini zaidi: "Nikitaja ila, hakuna atakayenunua; biashara itakufa." Kinyume chake ndicho kweli. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala iliyopata kusomwa dunia nzima, na mfano wake mkubwa ulikuwa soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba muuzaji akijua ila na mnunuzi asiijue, mnunuzi huogopa kulipa bei ya kitu chema, kwa kuwa hawezi kukitofautisha na kibovu. Kwa hiyo hutoa bei ndogo kwa vyote. Mwenye kitu chema huiona bei hiyo kuwa dharau, hukiondoa sokoni. Hubaki vibovu, na bei huzidi kushuka, na wema huzidi kuondoka. Kwa kazi yake juu ya jambo hili, Akerlof alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Wahenga wetu walikuwa wamekwisha kuliona kwa njia yao waliposema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi anayeua biashara si yule asemaye ukweli. Ni yule aliyewafundisha majirani zake kumwogopa kila muuzaji, hata aliye mwaminifu. Mwaminifu huyo sasa analipishwa kodi ya uongo asioufanya.

Mpaka hapa nimesema habari za fedha. Lakini kuna vipuri ambavyo ila yake hailipwi kwa fedha. Breki ikishindwa juu ya mteremko, hakuna nafasi ya kurudi kwa muuzaji. Nchi yetu ya chai ni nchi ya vilima, na barabara zake zimekwisha kula watu. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori lililoacha njia liliua watu zaidi ya hamsini, wengi wao wakiwa wachuuzi na wasafiri waliosimama kando ya barabara. Siutaji msiba ule kudai kwamba kiini chake kilikuwa kipuri kibovu. Nautaja ili tukumbuke uzito wa chombo tunachokichezea. Anayeuza silinda ya breki akijua mipira yake imelika, akanyamaza, hajauza chuma. Amemwuza dereva, na watoto walioketi nyuma ya dereva, na mama anayepanga nyanya zake chini ya mteremko ambaye hakununua wala kuuza kitu. Hao hawakupewa nafasi ya "kuangalia wenyewe." Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika jambo hili anayeumbuka ni mmoja, na wanaokufa ni wengine.

Basi tufanye nini? Sipendi insha inayolia tu. Nitataja mambo manne, nayo yanawezekana kwa mtu yeyote ajuaye kusoma na kuandika.

La kwanza, mnunuzi aulize kwa maneno ya wazi, tena aulize maswali yanayodai jibu: Gari hili lilisimama kwa sababu gani? Kipuri hiki kina ila gani unayoijua? Ulikipata wapi? Swali la mwisho si adabu mbaya, kwa maana sheria humwadhibu vikali anayepokea mali ya wizi huku akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Ukiuliza na muuzaji akasema "kiangalie mwenyewe," umekwisha kujibiwa. Funga mfuko wako uende zako.

La pili, waandike. Karatasi moja ya daftari la shule yatosha: tarehe, majina, bei, aina ya kipuri na namba iliyochongwa juu yake, ila zilizotajwa, na siku za kujaribu walizokubaliana. Watie sahihi, na shahidi atie yake. Tena wakipige kipuri alama ya rangi mahali palipofichika, ili kirudipo ijulikane kuwa ndicho. Karatasi hii humlinda mnunuzi dhidi ya muuzaji mwongo, na muuzaji dhidi ya mnunuzi mwongo. Mali bila daftari, hupotea bila habari.

La tatu, ukiona ila, usilale. Acha kukitumia kipuri, mwite fundi mwingine akitazame, umjulishe muuzaji mara moja. Sheria humhesabu mnunuzi kuwa amekubali kitu akikaa nacho muda wa kutosha bila kukikataa. Anayetumia giaboksi mwaka mzima kisha akarudi kudai fedha zote anajidhulumu na kumdhulumu mwenzake.

La nne, ugomvi upelekwe kwa watu wenye kusikiliza pande mbili, wala usipelekwe kwenye ngumi. Wazee wa kijiji wamepatanisha mambo makubwa kuliko haya. Wakishindwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria yataka kesi iamuliwe katika siku 60. Maskini hana tena sababu ya kudhani kwamba haki ni ya wenye mawakili.

Lakini karatasi zote na mahakama zote ni dawa ya ugonjwa uliokwisha kuingia. Kinga yake ni tabia, na tabia haianzi siku mtu anapomiliki gari. Huanza katika umri wenu. Mwanafunzi anayemwuzia mwenzake kikokotoo kisichohesabu sawa, au baiskeli yenye fremu iliyopasuka chini ya utepe, au kitabu ambacho kurasa zake za katikati zimechanwa, kisha akacheka na kusema "umeshanunua," huyo amekwisha kuingia shule nyingine, na masomo ya shule hiyo hayana likizo. Na yule asemaye, "Rafiki, kitabu hiki kimekosa kurasa nne, nipunguzie bei," atauza kwa bei pungufu leo, lakini miaka ishirini ijayo watu watavuka maduka matatu ili wanunue kwake.

Uzeni vitu vyenu kwa amani, vipya na vikuukuu. Biashara ni kazi ya heshima. Lakini kabla hujapokea fedha, sema ila unayoijua. Usingoje kuulizwa. Ukiona ulimi ni mzito kuitaja, ujue kwamba uzito huo ndio kipimo cha udhalimu uliokuwa karibu kuutenda.